Yamaha FJR1300 kwa waendeshaji wa Mwanza na Kanda ya Ziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

FJR1300 ni pikipiki ya namna gani?

Ni pikipiki ya masafa marefu ya lami, ya watu wawili na mizigo yao, ambayo pia inakata kona kwa wepesi usioutarajia kwenye chombo cha uzito wake. Yamaha iliitoa Ulaya mwaka 2001, Marekani ikafuata na modeli ya 2003. Haina cheni. Nguvu inafika gurudumu la nyuma kwa shafti, kwa hiyo hakuna kukaza cheni wala kubadili sprokiti. Ina kioo cha upepo kinachopanda na kushuka kwa umeme, na tanki la lita 25. Ukijaza Buhongwa asubuhi, unafika Igunga ukiwa bado na akiba.

Ambacho siyo: siyo pikipiki ya vumbi, wala siyo ya kupenya foleni ya Makoroboi na Soko Kuu kila siku. Anayetaka chombo cha kwenda shambani Sengerema ndanindani anunue kingine kabisa.

Vipimo vyake kamili ni vipi?

Injini ina silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, cc 1,298. Kipenyo cha silinda ni mm 79.0, mwendo wa pistoni mm 66.2, mgandamizo 10.8 kwa 1, valvu 16, kamu mbili juu, na inapozwa kwa maji. Nguvu ya kilele ni kati ya farasi 144 na 146 kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika, kutegemea mwaka. Torki ni Nm 134 kwenye mizunguko 7,000 kwa za zamani na Nm 138 kuanzia 2013. Namba ya torki ndiyo utakayoisikia barabarani: ukiwa gia ya juu nyuma ya Fuso, unafungua mafuta tu na unapita, hakuna kushuka gia.

Gia ni tano mpaka modeli ya 2015, sita kuanzia 2016. Fremu ni ya aluminiamu, fimbo za shokapu za mbele zina unene wa mm 48. Diski mbili za mbele zina kipenyo cha mm 320 kuanzia 2003 (za kwanza kabisa zilikuwa ndogo kidogo), na ya nyuma mm 282. Tairi ya mbele ni 120/70 ZR17, ya nyuma 180/55 ZR17. Kuanzia 2006 kiti kinawekwa kwenye kimo cha mm 805 au 825, na umbali kati ya ekseli mbili ni mm 1,545. Kabla ya hapo ulikuwa mm 1,515. Modeli ya 2013 ina uzito wa kilo 289 ikiwa na petroli na oili zote. Hizo ni zaidi ya pikipiki mbili za bodaboda ukiziweka pamoja kwenye mizani.

Kuna matoleo mangapi, na nichukue lipi?

Zipange katika makundi manne. Kundi la 2001 hadi 2005 ndilo jepesi na rahisi kwa umeme, lakini linamchoma dereva miguu kwa joto la injini. Mwaka 2006 Yamaha ilibadili mambo mengi: swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) ndefu zaidi, rejeta iliyopinda yenye uso mkubwa, jenereta ya wati 590 badala ya 490, usukani na kiti vya kurekebishika, na breki zilizounganishwa, ambapo pedali ya mguu inabana nyuma pamoja na sehemu ya kalipa ya mbele kulia. Mwaka 2013 kikaja kishikio cha mafuta cha kielektroniki, kidhibiti mwendo cha safari, kidhibiti cha gurudumu kuteleza, na hali mbili za uendeshaji. Mwaka 2016 ikaongezwa gia ya sita, taa za LED na klachi nyepesi mkononi.

Kwa mtu wa Mwanza, toleo la A (lenye klachi ya mkono ya kawaida) la 2013 kwenda mbele ndilo chaguo bora kama mfuko unaruhusu, na A ya 2006 hadi 2012 iliyotunzwa inafuata kwa karibu. Toleo la AS, na AE la kabla ya 2013, lisilo na mkono wa klachi, tunashauri uliache. Linafanya kazi vizuri, lakini likigoma, fundi anahitaji kifaa cha kusoma makosa na mtu anayejua mfumo huo. Hapo utasubiri msaada kutoka Nairobi au Dar. Toleo la ES lenye shokapu za umeme ni tamu kuendesha, ila sili ya shokapu ikivuja, gharama yake ni ya kundi jingine.

Nikinunua iliyotumika, niangalie nini?

Anza na injini baridi. Mwambie muuzaji mapema kwamba asiiwashe kabla hujafika. Ukikuta imeshapashwa joto, rudi siku nyingine. Piga stata na usikilize upande wa kulia wa injini kwa sekunde kumi za mwanzo. Mlio wa kugongagonga kama mnyororo uliolegea, unaopungua oili ikipanda, ni dalili ya tenshona (kikaza cheni) ya cheni ya kamu kuchoka. Kwenye modeli za kati na za mwisho hilo ni tatizo linalojulikana, na si la kupuuza: tenshona ikiachia kabisa, cheni inaruka jino, valvu zinagonga pistoni, na injini imekwisha. Dawa ni kufunga tenshona mpya ya toleo lililoboreshwa kabla mlio haujawa mkubwa.

Kwenye za 2003 na 2004 sikiliza pia mlio mwembamba wa tik-tik unaobaki hata injini ikishapata moto. Baadhi yake zilikuwa na tatizo la mirija inayoongoza valvu za eksozi (valve guides), na hiyo ni kazi ya kufungua hedi.

Kisha pandisha pikipiki kwenye dabo stendi. Zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono na usikilize gia ya shafti. Kusagasaga au kukwama kwa vipindi si kawaida. Shika gurudumu juu na chini, tikisa: likicheza, beringi za gurudumu au za swingamu zimechoka. Angalia kama fimbo za shokapu za mbele zina utando wa oili. Fungua mfuniko wa mafuta ya breki: yakiwa na rangi ya chai ya rangi, matengenezo yalikuwa ya kubahatisha.

Uliza kama valvu zimewahi kupimwa. Ratiba ya Ulaya ni kila kilomita 40,000, na nafasi zinazotakiwa injini ikiwa baridi ni mm 0.15 hadi 0.22 upande wa kuingiza na mm 0.18 hadi 0.25 upande wa eksozi. Zinarekebishwa kwa vidonge vya chuma chini ya vikombe vya kamu, si kwa bisibisi kama bodaboda.

Jambo moja zaidi kuhusu asili ya pikipiki. Iliyotengenezwa kwa Uingereza inamulika taa upande wetu, kushoto. Iliyotoka bara la Ulaya au Marekani taa yake ya dimu inainuka kulia na kuwachoma macho wanaokuja mbele yako. Ya Marekani pia spidomita yake inatanguliza maili.

Fundi ananiambia tutachonga bloku kama kwenye pikipiki nyingine. Nikubali?

Hapana. Silinda za FJR hazina lina (bomba la ndani) ya chuma. Ukuta wake umepakwa tabaka gumu la seramiki. Ukiuchonga unaondoa tabaka lenyewe, na pistoni inakula aluminiamu tupu. Habari njema ni kwamba tabaka hilo halichakai kirahisi. Injini iliyobadilishiwa oili kwa wakati inapita kilomita laki moja bila kuguswa ndani.

Niweke oili gani na kiasi gani?

Lita 4.0 ukibadili na filta, lita 3.8 bila filta. Galoni moja la lita 4 linatosha sawasawa. Gredi ni SAE 10W-40, au 20W-50 kwa joto letu, lakini kitu cha kuangalia kwanza ni maandishi ya JASO MA au MA2 kwenye galoni. Klachi ya FJR imezama ndani ya oili hiyohiyo. Oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano itaifanya iteleze: unafungua mafuta, mizunguko inapanda, mwendo hauongezeki.

Pasha injini moto dakika chache, izime, iweke kwenye dabo stendi, mwaga, badili washa ya bolti ya kumwagia. Bolti hiyo inakazwa Nm 43 na filta Nm 17. Tumia spana ya torki. Bolti imeingia kwenye aluminiamu, na fundi aliyezoea kukaza kwa nguvu ya mkono na bomba ataharibu nyuzi zake. Baada ya kujaza, washa dakika mbili, zima, subiri kidogo, kisha soma kioo cha kuangalizia ikiwa imesimama wima kwenye dabo stendi. Ukiisoma kwenye stendi ya pembeni utaona pungufu na utajaza kupita kiasi. Oili ya ziada itasukumwa kwenye boksi la hewa kilina.

Kiwandani wanaandika kilomita 10,000 kwa Ulaya. Kwa joto, vumbi na foleni za huku, badili kila 6,000.

Joto lake linavumilika Mwanza?

Barabarani ndiyo, kwenye foleni inasumbua. Injini kubwa iliyofunikwa kwa plastiki ikitembea kilomita 10 kwa saa kutoka Igoma hadi mjini inatoa hewa ya moto kwenye magoti. Feni itawaka na kuzima. Hilo ni jambo la kawaida. Lisilo la kawaida ni mshale wa joto kupanda huku feni ikiwa kimya. Angalia fyuzi ya feni kwanza, kisha plagi ya waya wa feni, kisha kiwango cha kulanti (maji ya kupozea injini).

Kuna chanzo kingine cha joto ambacho vitabu vya Ulaya havikitaji: wadudu wa ziwani. Vile vijidudu vinavyoinuka juu ya maji kama moshi vikikuvamia kati ya Lamadi na Bunda jioni, vinajaa kwenye mapezi ya rejeta na kukauka kama gundi. Loweka kwa maji ya sabuni dakika kumi, kisha suuza kwa mpira wa kawaida kutoka nyuma kwenda mbele. Mashine ya presha ya kuoshea magari inalaza mapezi, na pezi lililolala halipitishi hewa tena.

Kulanti iwe ya injini za aluminiamu, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa ya betri kama hujanunua iliyochanganywa tayari. Maji ya bomba yana chumvi, ya ziwani yana tope, na yote mawili yanaacha ukoko ndani ya mirija.

Kwa nini inazima ghafla, kisha inawaka tena kama hakuna kilichotokea?

Kwenye za 2006 hadi 2009, mshukiwa wa kwanza ni swichi ya ufunguo. Maungio ya risasi (solda) ndani yake hayakuwa imara, na Yamaha iliziita pikipiki hizo zibadilishiwe. Iliyoingia nchini kama mtumba huenda ilikosa matengenezo hayo. Jaribu hivi: injini ikiwa inaunguruma, ukiwa umesimama, tikisa ufunguo taratibu na ugeuze usukani mwisho kushoto na mwisho kulia. Dashibodi ikipepesa au injini ikikata, badili swichi. Usiiunganishe moja kwa moja kwa waya, ukaacha hivyo.

Mshukiwa wa pili ni viunganishi vya ethi (waya za hasi). Yamaha ilikusanya waya nyingi za ethi kwenye viunganishi vidogo vilivyofichwa ndani ya mkanda wa waya, na kimojawapo kinapitisha umeme mwingi kuliko uwezo wake. Kinapata moto, plastiki inayeyuka, kisha vitu visivyohusiana vinaanza kuchanganyikiwa pamoja: taa, indiketa, kioo cha upepo, na mwisho injini. Fundi akikuta plastiki ya kahawia iliyoungua, akate, aunganishe waya zote za kundi hilo kwa kuchomea na risasi, kisha apeleke waya mmoja mnene hadi kwenye fremu au hasi ya betri. Ni kazi ya nusu siku na inamaliza tatizo kabisa.

Mshukiwa wa tatu ni mdogo na ndiye anayesahaulika: swichi ya stendi ya pembeni iliyojaa tope. Safisha, puliza, ijaribu.

Betri inakufa kila baada ya miezi michache. Tatizo ni nini?

Mara nyingi ni namna inavyochajiwa. Betri ya FJR ni ya kufungwa, volti 12, Ah 12. Inataka chaji ya ampea 1.2 kwa saa kadhaa. Ukiipeleka kwa anayechaji betri za malori, ataipiga ampea nyingi, itachemka ndani, na kwa kuwa haifunguki huwezi kuirudishia maji. Pima ikiwa imepumzika usiku kucha: volti 12.7 na zaidi ni nzuri, chini ya 12.4 ichaji. Injini ikizunguka 5,000 kipimo kisome zaidi ya volti 14. Kikisoma 13 na kushuka, angalia plagi ya kidhibiti chaji kabla ya kulaumu jenereta.

Tairi zake napata wapi, na naweza kufunga za size nyingine?

Duka la spea za bodaboda halitakuwa nazo. Kuna tairi za inchi 17 za bodaboda, lakini ufanano unaishia kwenye namba hiyo: rimu ya nyuma ya FJR inataka upana wa mm 180 na tairi isiyo na tyubu. Agiza kutoka Dar au Nairobi wakati ya zamani bado ina maisha, si siku imeonyesha waya.

Soma mambo mawili ubavuni. Moja ni 73W kwenye ya nyuma na 58W kwenye ya mbele, yaani uwezo wa kubeba mzigo na mwendo. La pili ni tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa ghalani miaka sita ni ngumu kama kwato hata kama haijaguswa lami, na mvua ya kwanza itakuonyesha.

Upepo ni PSI 39 mbele na 42 nyuma, tairi zikiwa baridi. Vijana wa upepo wamezoea 30 au chini yake, wasimamie. Ikipungua hadi 32, usukani unakuwa mzito, tairi ya mbele inakula pembeni, na ukipita rasta za kabla ya kijiji rimu inaweza kupinda.

Nikipata pancha kati ya Magu na Lamadi nifanye nini?

Beba seti ya kuziba tairi zisizo na tyubu na pampu ndogo ya umeme wa volti 12. Weka pikipiki kwenye dabo stendi, sehemu ngumu. Kwenye mchanga tafuta ubao au jiwe bapa la kuweka chini ya stendi. Zungusha gurudumu mpaka uone msumari. Weka alama kwa chaki kabla hujauchomoa. Chomoa, ingiza tupa ya mviringo na uizungushe ndani na nje mara kadhaa, pitisha kamba ya raba iliyopakwa gundi mpaka ibaki sentimita moja nje, vuta sindano kwa ghafla, kata mabaki. Jaza upepo mpaka 42, pima tena baada ya kilomita kumi.

Tundu la ubavuni halizibwi. Na fundi wa kijijini akikupa tyubu, kwa nia njema kabisa, ikatae kama bado kuna njia nyingine: ndani ya tairi hii tyubu inasuguana, inapata joto, na inapasuka kwa mkupuo badala ya kuvuja polepole.

Shafti inahitaji matengenezo gani?

Machache, ndiyo maana yanasahaulika. Gia ya nyuma inachukua lita 0.2 tu ya oili ya gia za haipoidi, SAE 80 au 80W-90. Kama ni GL-4 au GL-5, fuata kitabu cha mwaka wa pikipiki yako. Badili kila kilomita 20,000. Unga mwepesi wa kijivu kwenye oili ya zamani ni kawaida, vipande vinavyohisika kwa vidole siyo. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

Kila unapobadili tairi ya nyuma, mwambie fundi apake grisi yenye molibdenamu kwenye meno ya kitovu cha gurudumu, na kila tairi ya pili afungue nyumba ya gia, nati nne, apake pia meno ya shafti yenyewe. Grisi ya kawaida ya beringi inarushwa nje na mzunguko. Meno yaliyokauka yanageuka unga mwekundu wa kutu, na siku yakiisha, injini inaunguruma na pikipiki haiendi. Nati ya ekseli ya nyuma inakazwa Nm 125.

Breki na klachi zinatumia mafuta gani?

DOT 4 zote mbili, kwa kuwa klachi pia ni ya haidroliki. Badili kila miaka miwili. Mafuta haya yanafyonza unyevu wa hewani, na hewa ya kando ya ziwa haina uhaba wa unyevu. Kwenye modeli zenye breki zilizounganishwa, kutoa hewa kunafuata mpangilio maalumu wa kalipa. Fundi akitoa hewa mbele peke yake na kuona pedali bado laini, hajamaliza.

Matuta yetu itayaweza?

Nafasi chini ya tumbo ni mm 125 hadi 130. Tuta la kawaida la lami inavuka bila shida, lile la kienyeji lililokorogwa na wanakijiji litakwangua dabo stendi na eksozi, hasa ukiwa na abiria. Kabla ya kupakia, geuza mkono wa shokapu ya nyuma uende kwenye alama ya ngumu. Wengi hawajui mkono huo upo, na wanaendesha miaka yote mkia ukiwa chini. Mkia ukiwa chini, tumbo linagusa, taa ya mbele inamulika juu, na usukani unaelea kwenye kona.

Vuka tuta ukiwa umeinua makalio kidogo, gia ya kwanza au ya pili, bila breki ya mbele wakati gurudumu linapanda. Breki inazamisha shokapu, na shokapu ikizama umepoteza ile nafasi ndogo uliyokuwa nayo.

Vumbi fupi la kilomita mbili tatu linapitika taratibu. Barabara inayotengenezwa iliyomwagiwa maji ni hatari zaidi ya vumbi lenyewe: udongo wa mfinyanzi chini ya tairi ya mm 180 ni utelezi mtupu, na kilo 289 zikishaanza kulala huzizuii kwa mguu.

Upepo wa Daraja la Kigongo–Busisi ni tatizo?

Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko kwenda Geita, na ni kama kilomita 3 juu ya maji wazi. Upepo wa mchana unakuja wa ubavu, na mabegi ya pembeni pamoja na boksi la nyuma yanaupokea wote. Shusha kioo cha upepo mpaka chini, punguza mwendo, legeza mikono kwenye usukani, na acha nafasi unapopishana na lori, kwa sababu likikukinga upepo unakata na ukishalipita unarudi kwa kishindo.

Lami ikilowa je?

Mvua za kwanza za vuli ndizo mbaya, kwa kuwa zinainua oili ya miezi mingi. Ongeza na magari ya samaki yanayodondosha maji kutoka Kirumba: kwenye mizunguko ya barabara ukiona mstari wa unyevu unaong'aa siku ya jua, usiuweke chini ya tairi ukiwa umelala kwenye kona. ABS (mfumo unaozuia gurudumu kujifunga ukibana breki) inasaidia ukiwa wima, umelala haifanyi muujiza.

Naweza kupita Serengeti kwenda Arusha?

Hapana, pikipiki haziruhusiwi ndani ya hifadhi. Pita Shinyanga, Tinde, Nzega, Singida, Babati. Ni mbali zaidi lakini ni lami.

Leseni ipi?

Daraja A. Lile la bodaboda za cc 125 halitoshi kwa injini hii.

Kuzunguka ziwa lote kunawezekana kwa FJR?

Ndiyo, na ndiyo safari inayoifaa kuliko zote za huku. Mwanza, Musoma, Sirari, Kisumu, Busia, Jinja, Kampala, Masaka, Mutukula, Bukoba, Geita, kisha daraja. Ni kama kilomita 1,500, tanki nne hivi kwa ulaji wa kilomita 16 hadi 20 kwa lita. Beba kadi halisi ya pikipiki. Ikiwa jina si lako, beba barua ya mwenye nayo. Kata bima ya kadi ya njano ya COMESA kabla ya kufika mpakani. Siku nne zinatosha, tano zinakuacha uone kitu. Usitembee usiku kati ya Magu na Bunda: ng'ombe wanavuka bila taa, na baiskeli pia.

Naweza kuiosha ziwani?

Usifanye hivyo. Oili na sabuni vinaenda kwenye maji ambayo watu wanachota, na gurudumu lililozama linanyonya maji kwenye beringi na kwenye kipumulio cha gia ya shafti. Ndoo mbili na kitambaa vinatosha.

Spea zipi niwe nazo nyumbani?

Filta mbili za oili na washa zake, plagi nne za NGK CR8E (nafasi mm 0.7 hadi 0.8), filta ya hewa kilina moja, pedi za breki seti ya mbele na ya nyuma, fyuzi za kila ampea, chupa ya DOT 4, na mkono mmoja wa breki na mmoja wa klachi. Mikono hiyo ndiyo inayovunjika pikipiki ikianguka imesimama, na bila mkono wa klachi hutoki Geita. Ukinunua pedi, angalia kingo za kibandiko na uzito wake mkononi. Feki ni nyepesi na mara nyingi gundi imevuja pembeni.

Ikigoma kabisa, naisafirishaje?

Canter yenye bodi wazi inafaa. Tafuta tuta la udongo au ngazi ya kupakilia, maana watu wanne kuinyanyua kwa mikono huishia kwa mtu kuumia na plastiki kuvunjika. Isimame kwenye magurudumu yake, gurudumu la mbele likigusa ukuta wa bodi, si kwenye dabo stendi: gari likiruka tuta, stendi inapinda. Mikanda miwili ya mbele ifungwe kwenye bamba la chini linaloshika fimbo za shokapu, kila upande mmoja, na ikazwe mpaka shokapu zizame nusu. Usifunge kwenye usukani wala kwenye plastiki. Mikanda miwili ya nyuma ifungwe kwenye fremu ya kushikia abiria, kwa kuizuia isicheze pembeni tu. Iache kwenye gia ya kwanza, funga petroli ya akiba mbali nayo, na mwambie dereva asimame baada ya kilomita kumi ukaze tena.